Hashiki mimba: ukoo mbaya au ndoo ya pumba?

Mwangaluka jamani. Meseji za toleo hili zimekuwa kama zimeandikwa na mtu mmoja, kila mfugaji ng'ombe wake hashiki mimba na kila mfugaji ana jirani ambaye ameshamwambia "hiyo ni damu bana, ukoo wao hauzai". Nikasema basi leo la kwato na la kiwele tuyaweke pembeni, tumalize hili la damu na uzazi. Majina nayaacha kama kawaida yetu, nabakiza mnapotoka tu, na meseji zilizofanana nimechukua moja.

SWALI: Dokta shikamoo. Mi niko Buswelu, nina mtamba mmoja (hajazaa bado), chotara wa Friesian, wale ng'ombe wa maziwa wa kizungu, mama yake nilimnunua Misungwi na huyo mama alitusumbua sana, akizaa leo anakaa hata mwaka na nusu ndo anashika tena. Sasa na huyu binti nimempandisha kwa mrija wa mbegu za dume mara nne, tarehe 3 Machi, 24 Machi, 15 Aprili na 6 Mei, zote zimepita hivi hivi. Baba watoto anasema ni ukoo, tumpeleke mnadani. Mi hela ya kununua mwingine sina na kiukweli nampenda. Nifanyeje? – Mama wa Buswelu

JIBU: Marahaba mayu. Kwanza nikupongeze kwa hizo tarehe, maana kwenye meseji zote za mara hii ni we peke yako umeziandika, wengine wote "nimepandisha sanaaa dokta". Chukua kalenda tuhesabu wote. Kutoka tarehe 3 Machi mpaka 24 ni siku 21, mpaka 15 Aprili ni 22, mpaka 6 Mei ni 21. Ng'ombe mzima anarudi kwenye joto, yaani kutaka dume, kila siku 21, akipungua 18, akizidi 24. Sasa huyo wako ana kosa gani la ukoo? Kizazi kinazunguka vizuri kabisa, mayai yanakomaa na yanatoka kwa wakati wake. Angekuwa anarudi siku ya 35 mara ya 40 ningeanza kuwaza kwamba mimba inaingia alafu inakufa, na hapo ningetafuta ugonjwa. Anayerudi kwenye 21 safi, mara nyingi yai na mbegu havikukutana, au vilikutana vikaharibika siku za mwanzo kabisa kabla mwili wa mama haujajua kama umebeba kitu.

Nilimpigia huyu mama simu, tukaongea kama nusu saa, na jibu likatoka lenyewe. Mtamba yuko peke yake bandani, hana mwenzake wa kumpanda ili uone kwamba anasimama kukubali kupandwa. Mama anatoka alfajiri kwenda kwenye biashara yake Igoma, anarudi saa moja jioni anakuta ute umening'inia kama ute wa yai, mwingine umekaukia mkiani, na mnyama anapiga kelele. Anampigia mhamilishaji, yule mtu wa mirija, usiku, mhamilishaji anasema kesho, na kesho yenyewe ana wateja watano na pikipiki moja, anafika saa kumi alasiri. Piga hesabu sasa. Kama joto lilianza saa kumi na mbili asubuhi wakati mama anafunga mlango, kusimama kwenyewe kunachukua saa 12 mpaka 18, na yai linatoka kama saa 10 hadi 12 baada ya hapo, yaani kwenye saa ya 28 hivi. Mrija unakuja saa ya 34. Yai likishatoka halikai, linaishi saa chache tu, kwa hiyo hela yote hiyo mnaweka mbegu kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Ndo maana siku zote tunasema, ukimuona asubuhi apandwe jioni ya siku hiyo hiyo, ukimuona jioni apandwe kesho yake asubuhi na mapema, siyo alasiri. Mwambie mtoto anayebaki nyumbani amuangalie saa nne na saa nane, na alfajiri we mwenyewe kabla hujatoka mulika tochi mkiani. Dakika tano tu.

La pili nikamwambia anitumie picha. Mayu, samahani, lakini yule mtamba naona mbavu zake mpaka nazihesabu kwenye simu. Pumba za mpunga na majani ya pembeni mwa barabara, mashudu ya pamba siku zikipatikana hela, jiwe la kulamba hakuna. Mtamba anatakiwa apandwe akifika kama asilimia 60 ya uzito atakaokuwa nao ukubwani, haijalishi umri wake, na awe anaongezeka uzito siyo anashuka. Mwili wenye njaa una akili, hauanzishi kazi ya miezi tisa wakati hori liko tupu.

Sasa tuje kwa baba watoto na huo ukoo. Hajakosea kabisa, ila amekosea kipimo. Ukichukua ng'ombe mia wa maziwa hawalingani, mmoja anatoa lita 8 mwingine 20, mmoja anashika kwa mrija wa kwanza mwingine wa tano. Watu wa mbegu wanachouliza ni kwamba hiyo tofauti kati yao kiasi gani kimetoka kwa wazazi na kiasi gani ni malisho, magonjwa, hali ya hewa na mkono wa mwenye ng'ombe. Kwenye wingi wa maziwa sehemu ya wazazi ni kama asilimia 30 hivi. Kwenye kushika mimba mara nyingi haifiki hata 5. Yaani kwenye kila shilingi mia ya tabu yako ya uzazi, ukoo unadaiwa shilingi tano na 95 zinadaiwa bandani kwako na kwa mhamilishaji wako na kwenye ndoo ya pumba. Na huyo mama yake aliyekaa mwaka na nusu, nakuuliza, alikula wapi? Si hapo hapo, hori hilo hilo? Mama na binti kurithishana njaa siyo jeni.

Ila msije mkaniambia dokta kasema jeni hazina kazi. Zina kazi, tatizo ni kwamba ng'ombe mmoja bandani hawezi kukuonyesha, mabinti mia wa dume mmoja kwenye mabanda mia tofauti ndo wanaonyesha. Kule walikoendelea kwa hili hawaangalii ng'ombe mmoja mmoja, wanaangalia dume na mabinti zake wote, nani wanashika haraka nani wanachelewa, alafu dume anapewa alama. Asilimia 5 kwa mwaka mmoja siyo kitu, kwa miaka ishirini inabadilisha kundi zima.

Kwa hiyo mayu usiuze. Mtafute daktari aingize mkono akague kizazi, mpe madini na mashudu hata nusu kilo kwa kuanzia, umtie nyama kidogo, alafu pandisha mara mbili kwa saa sahihi. Zikipita zote mbili ndo uniandikie tena, na hapo baba watoto nitamsikiliza.

SWALI: Habari dokta. Huku kwetu Kisesa kuna dume la Friesian la jamaa mmoja, anapandisha mtaa mzima tangu mwaka wa sita sasa, bei rahisi na hasumbui kama mambo ya mirija. Lakini miaka hii miwili ndama wanazaliwa wadogo, wengine wanakufa wiki ya kwanza, na ng'ombe wengi wanarudi joto. Dume amezeeka au? – Baba Mage, Kisesa

JIBU: Nzuri. Baba Mage, miaka sita! Hebu tufikirie. Mtamba aliyezaliwa na dume huyo mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu alikuwa tayari kupandwa. Na nani? Na huyo huyo, si ndo dume wa mtaa. Mwaka wa sita anapanda wajukuu. Ndama wa baba na binti yake, robo nzima ya jeni zake zinakuwa zimekutana na pacha wake, upande wa baba na upande wa mama zimetoka kwenye kopi moja ile ile. Kila mnyama, na binadamu pia, ana vijeni kadhaa vibovu amevibeba kimya kimya, havimdhuru kwa sababu ana kingine kizima cha upande wa pili. Ukipandisha ndugu kwa ndugu unaviita vibovu vikutane. Vikikutana vingine vinaua mimba changa na we unaona tu ng'ombe amerudi joto, vingine vinatoa ndama mdogo asiye na nguvu hata ya kunyonya. Wafugaji wa Kisukuma wa zamani waliokuwa wanabadilishana madume na watu wa mbali hawakusoma haya popote, waliyaona zizini.

Lakini ngoja, usikimbilie damu peke yake. Dume anayepanda mtaa mzima anabeba pia magonjwa ya zinaa, ng'ombe nao wanayo, trikomonasi na kampilobakta, na dume mwenyewe haonyeshi dalili yoyote, anakula ananenepa. Majike ndo wanaumia, wanarudi joto siku zisizoeleweka, wanatoa usaha, wanatupa mimba changa. Na kama kuna waliotupa mimba kubwa ya miezi sita saba, hapo huenda kuna bruselosi, na hiyo inaingia kwa binadamu kwenye maziwa mabichi na kwenye kushika ile mimba na kondo kwa mikono mitupu. Kuna mtu hapo mtaani anatibiwa malaria haiponi? Basi. Chemsheni maziwa kuanzia leo, na mimba iliyotupwa ifukieni chini sana, asishike mtu bila glavu, mbwa asile.

Mwambieni mwenye dume kwa heshima, siyo kwa kumvamia, kwamba dume wa kijiji akae miaka miwili, mitatu mwisho, alafu abadilishane na kijiji kingine kabla mabinti hawajafika umri, na huyo anayeingia apimwe kwanza. Huyu wa sasa amefanya kazi yake, bucha linamsubiri.

SWALI: Dokta mambo. Niko Nyegezi, mwanafunzi, ila nyumbani tunafuga. Kuna mshikaji kaniambia kulikuwa na dume wa Marekani mbegu zake ziliua ndama laki tano dunia nzima na damu yake bado tunaletewa kwenye mirija. Ni kweli au stori za kijiweni? – Kijana wa Nyegezi

JIBU: Poa kijana. Ni kweli, mshikaji wako kasoma. Dume mwenyewe aliitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, alizaliwa Nebraska mwaka 1962, na kwa maziwa alikuwa hatari, mabinti zake walikuwa wanamwaga. Kila mtu akataka mbegu yake. Akapata mabinti 16,000, wajukuu majike laki tano, vitukuu zaidi ya milioni mbili, na wanae wa kiume nao wakawa madume maarufu. Fikiria ukoo wa mtu mmoja uanzie Ukerewe alafu uenee dunia nzima.

Sasa Chief alikuwa amebeba jeni moja mbovu inayoitwa APAF1. Yeye mzima, kwa sababu jeni zinakuja jozi na nyingine ilikuwa nzima. Nusu ya watoto wake wakapewa ile mbovu, nao wazima. Vitukuu wakaanza kukutana, dume aliyebeba na jike aliyebeba, na hapo kila mimba nne moja inapata mbovu kutoka pande zote mbili. Hiyo moja inafia tumboni. Hakuna kilema wala ndama wa ajabu wa kumpiga picha, ni ng'ombe karudi joto au katupa mimba, na mfugaji kamlaumu mhamilishaji. Ndo maana ilikaa miaka karibu hamsini bila mtu kujua.

Namna walivyoigundua ndo inanifurahisha mpaka leo. Mwaka 2011 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walikuwa na vinasaba vya Holstein, hao ndo Friesian wa kwao, wengi mno kwenye kompyuta, wakatafuta kitu ambacho hakipo. Yaani kuna kipande cha jeni kinaonekana kwa ng'ombe wengi kikiwa kimoja, kwa hesabu ya kawaida lazima kuwe na ng'ombe wenye viwili, wakatafuta wakatafuta, hakuna hata mmoja aliye hai. Ni kama mwalimu anaita majina darasa zima, kuna jina kila akiita hakuna anayeitikia, akifuatilia anakuta mwenyewe alikufa kabla ya kuandikishwa. Wakakipa kipande hicho jina HH1, wakafuata ukoo nyuma nyuma wakamkuta Chief, na baadaye jeni yenyewe ikajulikana. Makadirio ni kwamba mimba kama laki tano zilipotea dunia nzima na hasara yake kama dola milioni 420. Lakini maziwa aliyoyaongeza wanayahesabu kwa dola bilioni 30! Kwa hiyo hata Wamarekani wenyewe hawamchukii mzee Chief.

Kwa sisi huku je? Ng'ombe wako kama ni chotara, mama au bibi yake ni zebu wa hapa hapa, bahati ya kuwa kabeba HH1 ni ndogo kuliko Friesian kamili, na kama dume siyo mbebaji basi hakuna kitu kitatokea hata kama jike kabeba, mimba itapona. Kwa hiyo kazi yote iko kwa dume. Madume ya Holstein ya kisasa yanapimwa, na kwenye karatasi ya ukoo wake ukiona HH1 imefuatiwa na C maana yake kabeba. Jersey nao wana ya kwao inaitwa JH1. Mrija wenyewe umeandikwa jina au namba ya dume, pale pale ubavuni kwa herufi ndogo, mhamilishaji akishautumia usiuache akautupa, uchukue ukauoshe uubandike kwenye daftari na tarehe. Binti akikua unajua baba yake nani na hutamrudishia baba yake. Mi nimeingia mabanda mengi sana, wenye hilo daftari nawahesabu kwa vidole.

SWALI: Dokta, habari za kazi. Mimi ni mzee wa Magu, nimefuga ng'ombe wa Kisukuma tangu ujana wangu, walikuwa wanazaa wenyewe bila daktari. Hawa wa kisasa mlionishauri vijana kila siku sindano na bado hawashiki. Mimi naona nirudi kwa wale wangu. – Mzee wa Magu

JIBU: Shikamoo babu, kazi nzuri tu. Babu una haki na nitakueleza kwa nini, ila kuna mahali na mimi nitakushika.

Ni kweli kabisa kwamba kwenye ng'ombe wa maziwa, jeni zinazoongeza maziwa na jeni za kushika mimba mara nyingi zinavutana kamba. Ukichagua miaka na miaka dume kwa maziwa tu, bila kuuliza kitu kingine, uzazi unashuka taratibu. Marekani uliwashukia hivyo kwa miongo, mpaka mwaka 2003 walipoanza kuwapa madume alama ya jinsi mabinti zake wanavyoshika mimba, na tangu hapo mambo yakageuka. Wanorwe walikuwa wajanja zaidi, tangu miaka ya 1970 wanachagua dume kwa maziwa na uzazi na afya kwa pamoja, ndo maana ng'ombe wao mwekundu anasifika kwa kuzaa. Kuna hata kisa cha ng'ombe wekundu wa nchi za huko kaskazini, kipande cha jeni kimekatika, ng'ombe mwenye kimoja anatoa maziwa zaidi, mimba yenye viwili inakufa. Kwa kuwa watu walikuwa wanafuata maziwa, wakawa wanakichagua wenyewe bila kujua.

Alafu kuna mwili wenyewe. Friesian akizaa, maziwa yanatoka mengi kuliko anachoweza kula, anajikamua nyama yake mwenyewe miezi miwili mitatu ya mwanzo. Ukimpa chakula cha ng'ombe wa Kisukuma, ovari zinalala. Na joto la hapa kwetu, Septemba na Oktoba kabla mvua hazijakaa sawa, Friesian kwenye nyuzi 25 kwenda juu anaanza kuhema wakati zebu wako anacheua kivulini hana habari.

Sasa hapa ndo nakushika babu. Wale wako walizaa wenyewe, sawa, lakini walizaa wa kwanza wakiwa na umri gani? Mara nyingi miaka mitatu na nusu, minne. Na kati ya uzao na uzao wengi wanapitisha mwaka na nusu, ila ukiwa nao arobaini huoni, kila mwezi kuna aliyezaa zizini na roho inatulia. Ukiwa na Friesian wawili, mmoja akichelewa ni nusu ya kundi lako. Na zebu akitaka dume anataka kwa muda mfupi, kimya kimya, mara nyingi usiku, ila we ulikuwa na dume zizini anayejua kazi yake. Huyu wa mrija anategemea macho yako.

Ushauri wangu siyo urudi, ni usimame katikati. Pandisha zebu wako wazuri kwa mbegu ya Friesian, Ayrshire au Jersey. Chotara wa kwanza ana kitu ambacho hakipo kwa baba wala kwa mama, damu mbili za mbali zikikutana vile vijeni vibovu vinafunikwa karibu vyote, na inaonekana zaidi kwenye mambo kama uzazi na uhai wa ndama kuliko kwenye maziwa. Angalizo, usije ukapandisha chotara kwa chotara ukategemea hivyo hivyo, nusu ya hiyo faida inapotea. Na usikimbilie kupandisha damu ya kizungu juu na juu mpaka ufike Friesian kamili wakati malisho ni mabua. Kwa hali ya Magu nusu mpaka robo tatu inatosha, mi hata kwa robo tatu nataka kwanza nione ghala la hei.

SWALI: Dokta ng'ombe wangu kazaa mapacha, dume na jike, wazima wote. Watu wananiambia huyo jike nimchinje hatazaa. Ukoo huo una laana? – Dada wa Sengerema

JIBU: Hongera mdogo wangu, na laana hakuna. Ila hao watu wamesema kweli nusu. Mapacha wa hivyo kondo zao zinaungana tumboni, damu ya dume inapita kwa jike na homoni zake zinaharibu kizazi cha dada yake kabla hakijajijenga. Zaidi ya 9 kati ya 10 wanakuwa tasa. Siyo jeni ya kurithi, mama yake hana kosa na akizaa mmoja mmoja atazaa wazima, na huyo kaka yake kwa kawaida anakuwa sawa.

Hakikisha kwanza kabla ya kisu. Mwite bwana mifugo akiwa na wiki mbili tatu, anaingiza kijiti laini kisafi cha mviringo ukeni taratibu. Mzima kinaingia kama sentimita 13 mpaka 15, tasa kinagota kwenye 5 au 6. Usifanye mwenyewe na kijiti cha mti, nawajua. Akigota, mlee kama wa nyama, wananenepa vizuri hao.

SWALI: Mi wa Kayenze. Ng'ombe wangu uzao wa nne huu anatoa madume tu, nataka nimuuze nitafute anayezaa majike. Sawa? – Baba wa Kayenze

JIBU: Siyo sawa. Jinsia inaamuliwa na mbegu ya dume, jike anapokea tu. Madume manne mfululizo ni kama kurusha shilingi ikaanguka upande mmoja mara nne, inatokea, kwenye kila ng'ombe 16 mmoja yuko hivyo. Na kwa kuwa umeshaniuliza, nawajua wanaume waliotaka kuacha wake zao kwa hesabu hii hii. Kama unataka majike kuna mbegu iliyochambuliwa, tisa kati ya kumi wanakuwa majike, ila ni ghali na inashika kidogo kuliko ya kawaida, ndo maana tunaiweka kwa mtamba mzima mwenye afya na joto lililoonekana vizuri. Huyo wako aliyezaa mara nne bila kukusumbua, unaniuzia shilingi ngapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Kikundi chetu cha akina mama hapa Usagara tumepata hela, tunataka kununua dume moja zuri la kutupandishia ng'ombe 14, maana mhamilishaji yuko mbali. Tukifika kwa muuzaji tuangalie nini zaidi ya rangi? – Katibu wa kikundi, Usagara

JIBU: Marahaba, na hongereni. Rangi iacheni, Friesian mweusi sana au mweupe sana haikuongezei kitu.

Muulizeni mama yake, na mkamuone kwa macho kama yupo. Amezaa mara ngapi na kwa miaka mingapi? Ng'ombe wa miaka tisa mwenye ndama sita ni cheti kizuri kuliko picha ya lita thelathini za siku moja. Muulizeni na baba yake ni mrija gani ili asije akawa ndugu wa hao 14 wenu. Apimwe bruselosi kabla hela haijatoka, siyo baada.

Alafu korodani, msione aibu. Hii ni sehemu moja ya uzazi ambayo jeni zinasema kwa sauti, ukubwa wake unarithiwa sana, karibu nusu ya tofauti inatoka kwa wazazi, na dume mwenye korodani kubwa mabinti zake huwa wanawahi kuingia joto la kwanza. Chukueni tepu ya fundi cherehani, muuzaji amshike dume vizuri, mmoja avute korodani zote mbili taratibu zishuke chini, mwingine azungushe tepu pale penye unene. Dume wa Friesian wa mwaka na robo akiwa chini ya sentimita 30 rudini nyumbani. Zote mbili zilingane, ziwe ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, siyo laini kama embe lililoiva, na kusiwe na uvimbe. Mwaka jana kuna kikundi walinunua dume mrembo kweli, wakampandisha miezi mitano, ndo nikaitwa nikashika nikakuta moja tu, nyingine haikushuka kabisa. Na hiyo inarithiwa, kwa hiyo hata angekuwa anashikisha nisingemruhusu.

Tepu mkitoka nayo msimrudishie fundi bila kuiosha.